Ubishi wa namba za chipukizi, na kiwiko kilichouma kimyakimya

KILA ninapompigia simu mjomba wangu anayeishi Pittsburgh, Marekani, mambo huenda kwa mpangilio uleule. Shikamoo, marahaba, hamjambo huko nyumbani, bibi anaendeleaje. Ikifika dakika ya tano tunakuwa tayari kwenye besiboli.

Mjomba ana mtoto wa kiume wa miaka 12, aliyezaliwa hukohuko. Kijana ni mrushaji wa mpira katika timu ya watoto ya mtaani kwao, na baba yake hakosi mechi. Lakini kinachowafanya wachelewe kulala ni ubishi kuhusu vijana ambao wengi wao hawajakanyaga uwanja wa ligi kuu, yaani chipukizi wa timu yao, Pittsburgh Pirates. Yupi awe namba moja? Yupi namba mbili? Nani ashushwe hadi kumi?

Kwa muda mrefu niliusikiliza ubishi huo kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Kisha siku moja kijana akanitumia ujumbe: “Dada, kiwiko kikiuma ukirusha mpira, kinapona chenyewe? Usimwambie baba.”

Naandika habari za afya, hivyo maswali ya “usimwambie baba” nimeyazoea. Hili lilinisumbua zaidi kwa sababu ni la ndugu yangu. Nilianza kuufuatilia ubishi wao kwa makini, nikagundua kwamba kile kiwiko na zile namba ni habari moja.

Kwa nini wabishane kuhusu vijana?

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu: katika besiboli mrushaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo, naye mpigaji hujaribu kuupiga kisha akimbie kuzunguka vituo vinne. Mrushaji bora hurusha kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Mkono wake ndio mtaji wa timu.

Ligi kuu ya Marekani ina klabu 30. Kila moja ina timu nne za ngazi za chini, mbali na vituo vya kuwaandaa vijana wachanga zaidi. Pirates wana Bradenton jimboni Florida, Greensboro huko North Carolina, Altoona jimboni Pennsylvania na Indianapolis huko Indiana. Kijana aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 hupanda ngazi hizo moja baada ya nyingine. Wengi huchukua miaka kadhaa kufika juu, na walio wengi hawafiki kabisa. Mashabiki huuita mfumo huo “shamba”, na sisi tunaosema chipukizi tunawaelewa bila kufafanuliwa.

Mashabiki wa Pirates wana sababu ya kulichungulia shamba lao kila asubuhi. Mara ya mwisho timu yao kutwaa ubingwa ilikuwa 1979. Kuanzia 1993 hadi 2012 walimaliza misimu 20 mfululizo wakiwa wamefungwa mechi nyingi kuliko walizoshinda. Klabu yao haina mazoea ya kumwaga fedha kununua nyota waliokwishaiva. Kwa shabiki wa namna hiyo, kijana wa miaka 19 anayecheza Bradenton ndiye tumaini lililobaki.

Orodha zenyewe zimekuwa biashara. Jarida la Baseball America, lililoanzishwa 1981, limekuwa likichapisha orodha ya chipukizi 100 bora tangu 1990. Wasaka vipaji hutumia kipimo cha 20 hadi 80, ambapo 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu na 80 ni kipaji cha nadra. Mpigaji hupimwa mambo matano: kuupata mpira, nguvu ya kuupiga mbali, mbio, udakaji na nguvu ya mkono. Kijana hugeuka kuwa safu ya tarakimu, na tarakimu hizo hugeuka kuwa nafasi kwenye orodha.

Hoja za pande mbili

Mwanzoni mwa 2025 mjomba na mwanawe walikuwa na ubishi mmoja mkubwa, uleule uliowagawa mashabiki wengi wa Pirates. Orodha nyingi zilimweka juu Bubba Chandler, mrushaji aliyesajiliwa 2021 akitokea sekondari jimboni Georgia. Nyuma yake alikuwa Konnor Griffin, mpigaji kutoka Mississippi aliyechaguliwa wa 9 katika uchaguzi wa vijana wa 2024 na ambaye alikuwa hajacheza hata mechi moja ya kulipwa.

Mjomba alikuwa upande wa Chandler, na hoja yake ilikuwa ukaribu. Kijana yuko Indianapolis, hatua moja tu kutoka ligi kuu, ameshaonyesha anachoweza. Ndege mmoja mkononi, alisema, ni bora kuliko kumi mtini.

Mwanawe alikuwa na Griffin. Kwanza, alisema, hesabu anachoweza kuwa badala ya alipo leo. Pili, angalia umri: kijana wa miaka 19 anayewapiga watu wa miaka 23 amefanya jambo kubwa kuliko mtu wa miaka 24 anayewapiga wenzake. Tatu, warushaji huumia. Ukiwapanga warushaji watano na wapigaji watano wenye kipaji sawa, usishangae miaka mitano baadaye ukikuta warushaji watatu wameshafanyiwa upasuaji.

Mtoto wa miaka 12 alikuwa akiyasema hayo ya upasuaji kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja hali ya hewa.

Wana ubishi mwingine mdogo unaowachekesha. Pirates wamemsajili David Matoma, mrushaji kutoka Uganda ambaye mpira wake hupita kilomita 150 kwa saa. Mjomba humpandisha nafasi kila anapopata upenyo. “Baba,” kijana humwambia, “hiyo namba unampa mchezaji au unaipa Afrika Mashariki?”

Msimu wa 2025 ulipokwisha, kila mmoja alidai ameshinda. Chandler alipandishwa ligi kuu mwezi Agosti. Griffin alipita ngazi tatu ndani ya mwaka mmoja, akapiga kwa wastani wa .333, yaani mafanikio mara moja katika kila majaribio matatu, akavusha mpira nje ya uwanja mara 21 na kuiba vituo 65. Alimaliza mwaka akitajwa kuwa chipukizi namba moja wa Marekani nzima.

Kwa hiyo orodha hizi si upuuzi. Watu wanaozitengeneza hufanya kazi ya kweli, na mara nyingi hupatia. Tatizo ni pale tunaposahau kinachopimwa na kisichopimwa.

Ambacho orodha haikioni

Mchukue Jameson Taillon. Mwaka 2010 Pirates walikuwa na haki ya kuchagua wa pili. Bryce Harper alikwishachukuliwa na Washington, nao wakamchagua Taillon, mrushaji mrefu kutoka Texas, wakampa dola milioni 6.5 kusaini. Aliyefuata baada yake, namba tatu, alikuwa Manny Machado, ambaye alifika ligi kuu 2012 akiwa na miaka 20 na kuwa nyota. Hadi leo shabiki wa Pirates akitaka kujiumiza roho hulitaja jina hilo.

Lakini fuata mwili wa Taillon. Mwaka 2014 kano ya kiwiko chake ilihitaji upasuaji. Mwaka 2015, akiwa anarejea, akafanyiwa upasuaji wa ngiri. Misimu miwili ikapotea. Alifika ligi kuu Juni 2016. Mei 2017 akagundulika kuwa na saratani ya korodani, akafanyiwa upasuaji, na wiki tano baadaye alikuwa amerudi uwanjani akirusha mpira. Mwaka 2019 kiwiko kilekile kikapasuliwa mara ya pili. Akarudi tena, akazichezea New York Yankees na Chicago Cubs.

Kijana huyo ungempa namba gani? Kama unauliza nani alikuwa na faida zaidi kwa Pirates, Machado angewafaa zaidi, na ubishi umekwisha. Kama unauliza ni nini kilikuwa ndani ya mtu huyu, hakuna safu ya 20 hadi 80 iliyokuwa na nafasi ya kukiandika.

Au David Bednar, kijana aliyekulia jirani na Pittsburgh. Alichaguliwa na San Diego mwaka 2016 katika raundi ya 35, baada ya vijana zaidi ya elfu moja. Baadaye aliletwa Pirates, timu ya nyumbani kwao, akawa mrushaji wa kufunga mechi na akateuliwa kwenye mechi ya nyota wote 2022 na 2023. Siku hizi uchaguzi una raundi 20 tu. Kijana wa raundi ya 35 hana tena mlango huo wa kuingilia.

Mfano wa tatu unatoka barani kwetu. Gift Ngoepe alikulia Randburg, Afrika Kusini, katika chumba kidogo ndani ya jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi. Mtoto aliamka na kulala akiuona uwanja. Pirates walimsajili 2008. Alikaa kwenye timu za chini kwa zaidi ya miaka minane, mbali na nyumbani, na 2013 mama yake akafariki dunia. Aprili 26, 2017 aliitwa ligi kuu, akawa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kufika huko, na mara ya kwanza kusimama na gongo akaupiga mpira uliorushwa na Jon Lester wa Cubs na kufika kituo cha kwanza salama. Alicheza mechi 28 mwaka huo.

Katika miaka hiyo ya kusubiri, maisha ya timu za chini hayakuwa ya kitajiri. Hadi juzijuzi, mchezaji wa ngazi ya Bradenton alilipwa takriban dola 11,000 kwa mwaka, katika nchi ambayo kodi ya nyumba pekee inaweza kuzimaliza. Wachezaji walijiunga na chama cha wafanyakazi 2022, na mkataba wao wa kwanza, wa 2023, ukapandisha kiwango hicho hadi dola 26,200, na cha ngazi ya Indianapolis hadi 35,800. Shabiki anapoandika kwamba kijana fulani “ameshuka nafasi tano”, anamwandika mtu anayehesabu siku za kulipa kodi.

Kano ndogo, kesi kubwa

Sasa turudi kwenye kiwiko.

Upande wa ndani wa kiwiko kuna kano inayoshikilia mifupa isiachane mkono unaporusha kwa nguvu. Ikichanika, mrushaji hawezi kuendelea. Hadi 1974 hiyo ilikuwa tamati ya kazi. Mwaka huo, Septemba 25, Dk. Frank Jobe alimfanyia upasuaji mrushaji Tommy John kwa kuchukua kano kutoka mkono mwingine na kuipandikiza kwenye kiwiko. John alirudi 1976 na kucheza hadi 1989. Upasuaji huo sasa unaitwa kwa jina lake, na kupona huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Mafanikio hayo yalizaa fikra ya hatari, kwamba kiwiko ni kama tairi, kikipasuka kinabadilishwa. Sivyo. Wapo wasiorudi, na wapo wanaopasuliwa mara mbili kama Taillon.

Kwa mtoto, hali ni tofauti kidogo. Mifupa yake bado inakua, na penye ukuaji pana ulaini. Mkono ukivutwa kupita kiasi, kinachoanza kuumia mara nyingi ni ile sehemu laini ya mfupa inayokua, kabla hata ya kano. Ndiyo maana maumivu ya kiwiko kwa mtoto anayerusha mpira hayafai kuitwa uchovu wa kawaida.

Utafiti wa taasisi ya American Sports Medicine Institute ya Birmingham, Alabama, uliochapishwa 2006, uliwalinganisha vijana warushaji waliofanyiwa upasuaji na wenzao wasioumia. Waliorusha katika mashindano zaidi ya miezi minane kwa mwaka walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kuishia kwenye upasuaji. Waliorusha zaidi ya mipira 80 kwa mechi, mara 4. Na waliokuwa na mazoea ya kurusha huku mkono umechoka, mara 36.

Mara 36! Ndiyo sababu mwaka 2014 ligi kuu na chama cha besiboli cha Marekani walitoa mwongozo uitwao Pitch Smart. Mtoto wa miaka 11 au 12 asirushe zaidi ya mipira 85 kwa siku. Akirusha 66 au zaidi, apumzike siku nne. Na kila mwaka awe na angalau miezi minne bila kurusha kabisa, miwili au mitatu kati ya hiyo ikifuatana.

Desemba 2024 ligi kuu ilitoa ripoti kuhusu wimbi la majeraha ya warushaji. Wataalamu waliohojiwa walitaja zaidi jambo moja: mbio za kutafuta kasi, na kurusha kila mpira kwa nguvu zote. Mbio hizo zimeshuka hadi kwa vijana wa sekondari. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kasi hupimwa kwa mashine, huandikwa kwa tarakimu, na tarakimu hupandisha nafasi. Uvumilivu, akili ya mchezo na kiwiko kizima havina mashine.

Orodha kwenye friji

Nilimjibu kijana kwamba sitamwambia baba yake, kwa sharti kwamba atamwambia yeye mwenyewe ndani ya siku mbili. Nikamuuliza kwa nini alificha.

Jibu lake lilikuwa fupi. Mwanzoni mwa msimu baba yake, kwa utani, aliandika orodha ya watoto wote wa timu yao, akawapanga kama magazeti yanavyowapanga chipukizi wa Pirates, akaibandika kwenye friji. Mwanawe alikuwa namba tatu. Juu yake walikuwa watoto wawili wanaorusha kwa kasi kuliko yeye.

Kijana akaanza kurusha mipira ukutani nyuma ya nyumba kila jioni, hata siku za mapumziko, hata baada ya mechi. Kocha alikuwa akihesabu mipira ya mechini vizuri tu. Ya ukutani hakuna aliyeihesabu.

Alimwambia baba yake siku ya pili. Mjomba alinipigia usiku huohuo, saa zetu za alfajiri. Kwa mara ya kwanza hakuanza na besiboli. “Mpwa wangu,” aliniambia, “mimi nilikuwa natania.” Kisha akanyamaza.

Daktari alipima, akapiga picha, akasema sehemu inayokua ya mfupa imechokozwa lakini haijaachana. Dawa ni kupumzika kurusha kwa wiki kadhaa, mazoezi ya bega na mgongo, kisha kurudi taratibu. Wamebahatika kuwahi.

Kwako mzazi

Huenda mwanao hajawahi kushika gongo la besiboli. Anaweza kuwa anakimbia, anacheza mpira wa miguu au anaogelea. Haya ndiyo niliyojifunza, na ninayaweka hapa kwa yeyote yatakayemfaa.

Ukimpanga mtoto kwa namba, hata kwa utani, jua kwamba yeye huenda hatanii. Shabiki akikosea nafasi ya mchezaji hubadilisha orodha mwaka unaofuata. Mtoto hujaribu kubadilisha mwili wake leo usiku.

Muulize kuhusu maumivu kabla ya kumuuliza kuhusu matokeo. Maumivu ya ndani ya kiwiko, uvimbe, mkono usionyooka vizuri, au mtoto aliyekuwa mlengaji mzuri ghafla anakosa shabaha, hizo ni dalili za kumsimamisha na kumpeleka kwa daktari. Usimpe dawa ya maumivu ili amalizie mechi. Maumivu ndiyo lugha pekee mwili wake uliyo nayo.

Hesabu kazi yote, si ya mechi peke yake. Anayefanya mazoezi shuleni, kwenye klabu na uani anaweza kuwa anafanya kazi ya watoto watatu.

Mpe pia miezi ya kufanya kitu kingine. Chandler, huyo aliyekuwa namba moja wa Pirates, alipokuwa sekondari alicheza pia futiboli ya Kimarekani, na alikuwa amekubali kwenda kuichezea chuo kikuu kabla ya kuchagua besiboli.

Ubishi wa Pittsburgh haujaisha, na sioni sababu ya kuuzima. Baba na mwana kuketi pamoja wakipima hoja, huyu akisema umri na yule akisema ukaribu, ni jambo jema katika nyumba yoyote. Wanachobishania sasa ni mpangilio wa chipukizi wa mwaka ujao, na mjomba bado anampandisha yule wa Uganda.

Orodha ya kwenye friji imetolewa. Mahali pake kuna karatasi yenye tarehe na kisanduku cha kuweka alama kila siku mazoezi ya bega yakifanyika. Mara ya mwisho tulipoongea, kijana aliniambia alikuwa amebakiza visanduku 11.